Daftari la Corolla: kutoka Dar hadi Tukuyu

Jumatano, Dar es Salaam

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1,500, gia za mkono. Rangi yake ilikuwa ya fedha, sasa kwenye boneti imeshageuka majivu. Marehemu baba alilinunua mwaka 2006, na tangu atangulie mbele ya haki limekaa miezi minane chini ya mwembe pale Tabata. Mama amerudi kuishi nyumbani Tukuyu. Alisema gari la mumewe haliuzwi, liletwe huko, mdogo wangu atamwendesha akienda hospitali na kanisani.

Ni kama kilomita 900. Wenzangu ofisini walinishauri nilipakie kwenye lori. Mjomba, kaka yake mama, aliyekata barabara ya Tunduma kwa malori tangu miaka ya themanini mpaka macho yalipoanza kumsumbua, alikataa katakata. "Mjomba, gari linakwenda kwa miguu yake. Likiugua njiani tutalitibu." (Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, msichanganyikiwe huko mbele.)

Jioni amefika. Shikamoo, marahaba, chai hakuitaka. Aliingia kwenye gari, akazungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, stata hakuipiga. Akazitazama kimya, kama mtu anayesoma barua ya benki. Ya oili ipo. Ya betri ipo. Ya handibreki ipo.

"Ya cheki injini iko wapi?"

Nikamjibu haiwaki, si ndiyo vizuri?

"Kabla hujawasha injini lazima iwake, halafu injini ikishika izime. Isipowaka kabisa haina maana gari ni zima. Maana yake kuna mtu kaliziba mdomo."

Sikulitilia maanani, kulikuwa na mengine. Tulimwaga oili ya zamani, tukafunga plagi mpya, tukanunua kwenye maduka ya Gerezani mkanda wa akiba, hozi ya juu ya rejeta (kipoza maji ya injini), fyuzi za kila rangi na lita tano za kulanti, yaani maji ya kupoozea injini. Petroli ya miezi minane ilikuwa na harufu ya vanishi, tukaitoa yote kwa mpira. Mjomba alikuja na mita yake ya umeme ndani ya soksi.

Kitu kimoja zaidi. Kwenye kabati la dashibodi nimekuta daftari la baba, lile la jalada jeusi lenye kingo nyekundu. Baba alikuwa mtunza stoo maisha yake yote, kwa hiyo kila kilichofanyiwa gari kimo: tarehe, kilomita, kazi, fedha, na risiti zimebanwa nyuma kwa pini. Mwandiko ule ule wa kwenye ripoti zangu za shule. Nimelirudisha bila kulisoma sana. Nitalisoma njiani.

Alhamisi, Dar hadi Morogoro

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri kuiwahi foleni, na foleni ikatuwahi sisi. Mpaka Kibaha mambo shwari. Kuanzia Mlandizi malori yakawa yanatembea na kusimama, na karibu na mizani ya Vigwaza yakawa yanasimama tu. Hapo mshale wa joto ukaanza kupanda. Nusu, ukapita nusu. Nikataka kuzima gari.

"Subiri. Linapanda tukisimama tu, au na tukienda?"

Njia ikafunguka, tukaenda kilomita tatu kwa mwendo wa themanini, mshale ukashuka wenyewe. Tukasimama tena, ukapanda tena.

"Basi si pampu wala si rejeta," alisema. "Tukienda, upepo wa barabarani unapooza. Tukisimama, anayetakiwa kupooza ni feni. Feni imelala."

Tuliegesha pembeni, injini ikiunguruma, boneti juu. Kweli, feni imetulia tuli kama picha. Mimi kwa akili yangu ilikuwa imekufa mota, na kichwani nilishaanza kutafuta fedha ya mota. Mjomba akainama hadi karibu na hozi ya chini ya rejeta, akapapasa, akachomoa soketi moja ndogo ya waya. Feni ikafumuka kuzunguka.

Nilidhani ni mazingaombwe. Ilibidi anieleze mara mbili. Swichi ya joto ya feni kwenye Corolla hizi inafanya kazi kinyume na mtu anavyotarajia. Maji yakiwa baridi swichi imefunga, na feni inakaa kimya. Maji yakipata joto swichi inaachia, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ikiona umeme umekatika ndiyo inawasha feni. Aliyebuni aliona heri waya ukikatika feni izunguke bure kuliko injini iungue. Kwa hiyo ukichomoa soketi na feni ikazunguka, kwa kitendo kimoja umeshapima fyuzi, rilei, mota na waya wake, vyote vizima. Mbovu ni swichi peke yake, imeganda. Isingezunguka, hapo ndipo ungeanza kufikiria mota.

Tumefika Morogoro saa nane mchana, soketi imechomolewa na kufungwa mfuko wa nailoni, feni inazunguka mfululizo. Maduka mawili hayana swichi. La tatu wanayo ya mtumba, "ukifunga ikakataa hairudishwi". Mjomba akasema twende hivi hivi, feni inayozunguka muda wote haijawahi kuua mtu.

Usiku nimesoma daftari. Kila mwaka, Desemba, safari ya Krismasi kwenda Tukuyu. Na kila mwaka tangu 2011, mstari huu au unaofanana nao: "Kitonga. Tumepumzisha gari dakika 40." Nakumbuka vituo hivyo. Tulikuwa tunakula mayai ya kuchemsha tukidhani ni sehemu ya safari.

Ijumaa, Morogoro hadi Mikumi mjini

Leo tumekwenda kilomita 120 tu, au pungufu. Hii ndiyo sababu.

Barabara inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na humo hushuki kwenye gari. Tulikuwa tumeshawaona twiga watatu na nyati kibao, mjomba anasimulia tembo aliyewahi kumkalia njia kwa saa mbili, mara taa ya betri ikawaka. Haikuwaka kwa nguvu. Ilikuwa nyekundu hafifu, kama sigara gizani.

"Zima redio. Zima kiyoyozi kama kimewashwa. Taa za mbele zimewaka? Zima." Akanyamaza. "Feni ndiyo siwezi kuizima."

Hapo ndipo maneno ya mjomba ya Morogoro yaliporudi. Feni inayozunguka muda wote haiui mtu, ila inakula umeme muda wote, na oltaneta, ile inayochaji betri, ikiwa dhaifu, betri ndiyo inayolipa deni. Alipachika mita kwenye tundu la kuwashia sigara kwa vijiti viwili vya waya, akawa anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Volti 12.3. 12.2. Injini ikiwa imewaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Kwa hiyo hatukuwa tunachaji hata kidogo, tulikuwa tunakula akiba. Kwenye geti la kutokea ilikuwa 11.9, na honi ilipopigwa ilitoa sauti ya mbuzi mgonjwa.

Mikumi mjini tumempata fundi umeme wa magari, kijana mwenye benchi moja chini ya mti. Wa kwanza kwa pembeni alikuwa ameshasema "oltaneta imekufa, ninayo nyingine". Kijana huyu hakusema neno. Aliukandamiza mkanda kwa kidole gumba, umekaza. Kisha akaifungua oltaneta na kuitandaza juu ya gunia. Kaboni moja, kile kipande kinachosugua viduara vya shaba na kupitisha umeme, ilikuwa imeliwa mpaka springi inakwaruza. Ya pili ilikuwa ndefu, ila imekaa upande, imekwama kwenye nyumba yake.

"Hizi si zake," alisema. "Zilichongwa kwa tupa zikae. Ona hapa."

Nikafungua daftari. Machi 2016: "Oltaneta. Kaboni. 15,000." Mtu alichukua kaboni za gari jingine, akazisugua mpaka zikaingia. Zimefanya kazi miaka yote hiyo kwa sababu Dar safari ni fupi na betri ilikuwa inabeba.

Kaboni mpya za saizi yake zililetwa na bodaboda. Kijana akazilehemu, akasafisha viduara vya shaba kwa msasa laini, akafunga. Mita: 14.1. Nilimlipa na ya soda juu. Tumelala hapa hapa.

Jumamosi, Mikumi hadi Iringa

Bonde la mibuyu ni zuri asubuhi, Ruaha inakwenda sambamba na barabara, na pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimetundikwa kama shanga. Nimenunua mafungu mawili ya mama. Baada ya hapo sikumbuki mandhari yoyote, nakumbuka mshale tu.

Asiyeijua Kitonga: ni ukingo wa milima unaoupanda kwa kona za kujikunja, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, na malori ya mzigo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Huwezi kuyapita, na ukithubutu unakutana na basi. Kwa hiyo unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, injini inanguruma, upepo hamna.

Feni inazunguka. Maji yamejaa. Mshale ukapita nusu, ukafika robo tatu.

"Washa hita. Yote. Fungua vioo."

Hita ya gari ni rejeta ndogo ya pili iliyo miguuni mwako, ukiiwasha unaiibia injini joto. Inasaidia kweli, mshale ulisita. Ila mle ndani kulikuwa na hewa ya tanuri, mjomba wa miaka sabini jasho linamchuruzika kidevuni, naye anasema "endelea, endelea" kana kwamba anamswaga ng'ombe. Tulipata nafasi ya kuegesha, tukaliacha liungurume kidogo kisha tukazima. Kifuniko cha rejeta hatukukigusa. Mtu akikwambia fungua haraka umwagie maji, huyo hajawahi kuunguzwa uso.

Dakika 40. Nilitazama saa nikacheka peke yangu.

Lilipopoa mjomba alikagua kwa utaratibu, na naueleza kwa sababu hapo ndipo watu huuziwa gasketi ya silinda hedi wasiyoihitaji. Alichomoa kijiti cha oili: safi, haijawa chai ya maziwa. Akawasha injini kifuniko kikiwa wazi: maji yanacheza, hayatoi mapovu mfululizo. Ekzosi: hakuna moshi mweupe mzito. Gasketi ni nzima. Kisha akashika hozi. Ya juu, moto wa kutoa mkono. Ya chini, vuguvugu la kunawia. Feni inafanya kazi, maji yapo, ila si yote yanayopita kwenye rejeta.

"Kuna njia ya mkato humu," alisema.

Mpira wa kifuniko cha rejeta nao ulikuwa umepasuka. Hili si jambo dogo milimani. Kifuniko kizima kinabana mgandamizo, maji yanachelewa kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kikivuja unabaki na maji ya sufuria ya kawaida, na kwa urefu wa Iringa sufuria huchemka karibu nyuzi 95 tu.

Tumeingia Iringa usiku, polepole, baridi inauma.

Jumapili, Iringa

Siku ndefu. Asubuhi gari limegoma kuwaka.

Stata inazunguka kwa nguvu, betri imejaa, injini haishiki. Wahudumu wa gesti walishajipanga nyuma wasukume. Mjomba akawazuia kwa heshima, "Asanteni wanangu, kwanza tulihoji." Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, nikapiga stata: cheche ya bluu, inalia tak tak. Moto upo. Akanusa ncha ya plagi, akaipitisha kwenye kidole. Kavu. Akalegeza kidogo bomba la mafuta kwa kitambaa, petroli ikaruka. "Mafuta yako mlangoni. Ila hayaruhusiwi kuingia ya kutosha."

Nikaenda kwenye daftari. Desemba 2015, Tukuyu: "Asubuhi gari halikuwaka. Limesukumwa. Betri mpya, 140,000." Desemba 2016: "Halikuwaka. Plagi zote." Desemba 2017: "Halikuwaka. Stata imefunguliwa na kusafishwa." Januari hadi Novemba, Dar, hakuna hata siku moja lililogoma. Nilimsomea mjomba, naye akakaa kwenye ngazi.

"Gari linaogopa baridi," alisema. "Tulifungulie mdomo."

Akafungua skrubu za juu ya dashibodi, akavuta lile kasha la spidi, akaligeuza. Nyuma yake kuna vishikio vidogo vya taa, unavizungusha robo vinatoka. Cha cheki injini kilitoka kikiwa kitupu, taa imenyofolewa. Nilitukana hapo, na niseme ukweli, nilimtukana fundi. Mtu anakuja na gari lenye taa ya onyo, wewe unamtolea taa, unachukua hela! Mjomba hakusema kitu, aliingiza mkono ndani ya dashibodi kutafuta kama taa imeangukia humo. Alitoka na kikoleo cha kunyofolea nyusi, cha bati, kimeota kutu. Akakitazama, akanitazama, akakitumia kuhamisha taa moja ya mwanga wa dashibodi kwenda kwenye tundu tupu. Ufunguo ON: ikawaka. Tukapiga stata tena na tena mpaka injini ikashika kwa tabu, inakohoa. Taa haikuzima.

Magari haya ya zamani hayahitaji kompyuta kuyasoma. Ndani ya boneti kuna kijiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na chini ya kifuniko umechorwa mpangilio wa matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unazungusha ufunguo bila kuwasha injini, unahesabu taa inavyokonyeza. Waya hatukuwa nao karibu, tukatumia pini ya risiti za baba. Ikakonyeza mara mbili. Ikapumzika. Mara mbili. Kimya kirefu, kisha tena.

Ishirini na mbili. Sensa ya joto la maji.

Nikasema lakini mshale wa joto unafanya kazi. Mjomba akaonyesha vidole vitatu. Gari hili lina wapimaji watatu wa joto wasiosemezana: mmoja wa mshale, mmoja wa feni (yule tuliyemchomoa Vigwaza), na mmoja wa kontrolboksi, kompyuta ya injini, ndiyo inayoamua petroli iingie kiasi gani. Kontrolboksi ikimkosa wa tatu haisimami, inajiwekea makisio kwamba maji yana nyuzi 80. Kwa Dar kisio hilo halina shida kubwa. Kwa asubuhi ya Juni Iringa, injini iko nyuzi kumi na kitu inahitaji petroli nyingi ya kuamkia, na inapewa kipimo cha injini iliyokwisha kunywa chai. Ndiyo maana plagi kavu.

Dukani wangetuuzia sensa. Mjomba akapima iliyopo: omu elfu tatu na ushee, ndivyo inavyotakiwa kwa baridi ile. Sensa nzima. Akaanza kuufuata waya wake kwa vidole, taratibu, anavuta kidogo kidogo kila sentimita. Penye kona, karibu na mabano ya chuma, waya ukavutika kama mpira wa manati. Waya wenye shaba ndani hauvutiki. Akauchana: shaba imekuwa unga wa kijani. Kipande cha urefu wa kiberiti. Kwa hicho baba alinunua betri, plagi nne na kufungua stata.

Fundi redio wa mtaa wa pili alikuwa na kilehemeo, akatuungia kwa elfu tatu. Tukachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) nusu dakika kufuta kumbukumbu, tukarudisha. Injini ikashika kwa mguso mmoja, taa ya cheki ikazima yenyewe kama alivyosema siku ya Jumatano.

Mchana ikawa zamu ya ile njia ya mkato. Tulimwaga maji, tukafungua nyumba ya themostati, kile kimlango cha maji kinachofunguka kwa joto. Tupu. Daftari, Agosti 2011: "Themostati imetolewa. Gari poa sasa. 5,000." Huo ndio ushauri wa kila gereji, nami niliuamini miaka yote: nchi ya joto haihitaji themostati. Kwenye injini hii ni kosa. Maji yana njia mbili, ndefu ya kupitia rejeta na fupi inayorudi moja kwa moja kwenye injini. Themostati ina visahani viwili, kimoja kikifungua njia ndefu, cha pili kinaziba njia fupi. Ukiitoa, zote ziko wazi, na maji kama watu hupenda njia fupi. Tambarare hutagundua. Utagundua Kitonga.

Miyomboni duka moja lilikuwa limefunguliwa baada ya ibada. Themostati ya nyuzi 82 na kifuniko cha rejeta tukapata, na swichi ya feni pia, mpya. Mjomba hakuifunga themostati kwanza. Aliomba sufuria jikoni kwa mama mpishi, akaitundika themostati kwa uzi ndani ya maji, sote watatu tukainama juu ya jiko la mkaa. Maji yalianza kutoa vipovu vya pembeni, kile kisahani kikatetemeka, kikajinyanyua polepole kama jicho la mtu anayeamka. Mama mpishi akasema, "Kumbe ina uhai!" Ukaguzi umekwisha, akaosha sufuria mara mbili.

Jumatatu, Iringa hadi Tukuyu

Limewaka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kuuma masikio, mguso mmoja. Nilipiga honi bila sababu.

Mafinga, misonobari ya Sao Hill, ukungu. Makambako tulisimama kunywa supu, na mjomba kama kawaida yake akazunguka akiweka kiganja karibu na kila rimu. Kushoto mbele ilikuwa ya moto kupita zote. Pini ya kalipa (kibanio cha breki) imekauka, breki haiachii. Kufungua, msasa, grisi ya breki, dakika hamsini, tumeondoka.

Chimala tulinunua mchele. Uyole tulikata kushoto giza likiingia, na baada ya Isyonje manyunyu ya Rungwe yakaanza. Injini ikaanza kumisi. Ukikanyaga inashtuka, sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga) haikai, taa ya cheki imezima. Nilikata tamaa kidogo, nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani waandae ugali.

Mjomba alitoka na mwavuli. "Zima taa zote, za nje na za ndani. Injini iache. Njoo uone."

Boneti juu, giza totoro, na katikati ya giza vijistari vya bluu vinarukaruka kando ya waya za plagi, hasa wa tatu, pale ulipolalia chuma. Umeme ulikuwa unatorokea kwenye unyevu badala ya kwenda kwenye plagi. Mchana usingeviona kabisa. Tukaukausha kwa kanga iliyokuwa imefungia vitunguu, tukauinua usiguse chuma, tukauviringishia kipande cha tyubu ya baiskeli tulichouziwa na mtoto wa duka la jirani. Ukatulia. Waya seti nzima nitaagiza.

Saa tatu usiku, Tukuyu.

Jumanne, Tukuyu

Mama ameamka kabla yetu, amelizunguka gari, amelifuta vioo kwa mkono wa kitenge. Nimemkabidhi daftari. Amelisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, midomo inacheza.

Nikamweleza yote, za Mikumi, za Kitonga, na yule fundi mwizi aliyenyofoa taa ya cheki injini bila hata kuandikwa kwenye daftari. Mjomba akakohoa, akatia mkono mfukoni, akaweka mezani kile kikoleo chenye kutu.

Mama alikichukua, akakigeuza mwangani.

"Kikoleo changu cha nyusi," alisema. "Taa ilikuwa inamkera usiku. Aliniambia anakiazima dakika tano."

Aliinama akicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba kalamu.

"Haya, andika na hiyo. Tarehe za leo, na kilomita."

Kilomita 214,386.